Serumu kwenye mkono wa mgonjwa: mambo yenye kila mlinzi wa mgonjwa anapaswa kujua

Mwaka fulani nililala kwenye hopitali moja ya hapa jimboni, juu ya mkeka, kando ya kitanda cha mtoto wa dada yangu. Alikuwa na malaria kali, na serumu ilikuwa inashuka ndani ya mkono wake wa kushoto. Usiku alilia sana. Dada aliniambia: «Mwache, ni homa iko inamusumbua.» Tukamfunika vizuri, mkono pia ndani ya kitenge. Asubuhi, wakati tulifunua kitenge, mkono ulikuwa umevimba mpaka kwenye kiwiko. Ngozi ilikuwa ngumu, inang'aa, tena baridi. Maji ya usiku mzima haikuingia ndani ya mshipa. Iliingia ndani ya nyama.

Muganga wa zamu hakuwa mtu mubaya. Alikuwa peke yake kwa chumba chenye vitanda vingi. Sisi tulikuwa wawili kwa mtoto mmoja, na hatukujua kitu cha kuangalia. Mtoto alipona, lakini dawa ya usiku ule ilipotea, na mkono ulichukua siku nyingi kurudia hali yake.

Hapa Kolwezi, kuanzia hopitali kubwa ya Mwangeji mpaka kituo kidogo cha mtaa kule Kasulo ao Luilu, anayekaa na mgonjwa saa zote ni ndugu yake. Muganga anapita, ndugu anabaki. Makala hii ni kwa huyo anayebaki. Haichukue nafasi ya muganga. Inasaidia kujua wakati gani wa kumuita.

Kile chombo ni nini

Watu wengi wanasema tu «wamemutia serumu». Kweli, kuna vitu vitatu. Cha kwanza ni chupa ao mfuko wa maji. Cha pili ni mpira mrefu wenye kale kagurudumu ka kupunguza ao kuongeza mwendo wa matone. Cha tatu ni kateteri, kile kitu kidogo chenye kinaingia ndani ya mshipa.

Wengi wanaogopa kwamba sindano inabaki ndani ya mkono. Hapana. Muganga anatoboa na sindano, kisha anaitoa, na kinachobaki ndani ni kampira kadogo ka plastiki laini. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kukunja vidole bila kujichoma. Lakini kuna chombo kingine chenye mabawa mawili, chenye wanatumia mara mingi kwa kichwa cha mtoto mchanga. Hicho, sindano ya chuma inabaki ndani, kwa hiyo sharti kukilinda zaidi.

Rangi ya kateteri inaonyesha ukubwa wake. Ya manjano ni ndogo kabisa, ya watoto wachanga. Ya bluu ni ya watoto na watu wenye mishipa midogo. Ya waridi ni ya mtu mzima kwa dawa za kawaida. Ya kijani ni kubwa, kwa damu na upasuaji. Ya kijivu na ya rangi ya chungwa ni kubwa zaidi, kwa mtu anayepoteza damu nyingi. Kama wanakutuma kuinunua kwenye duka la dawa, soma vizuri karatasi ya muganga. Ukileta ya kijani kwa mtoto wa miezi sita, umepoteza feza na wakati.

Je, serumu inaleta nguvu?

Hili ndilo jambo lenye linasumbua waganga wengi. Mtu anatoka kwenye mgodi akiwa amechoka, anafika kwa kituo na kusema: «Munganga, unitie serumu, nipate nguvu.» Wengine wanamuita muganga kuja kuwatundikia serumu nyumbani, kwenye msumari wa ukuta.

Tufanye hesabu. Serumu ya sukari ya asilimia 5, chupa ya mililita 500, iko na gramu 25 za sukari. Ni vijiko vitano ao sita vya chai. Serumu ya chumvi, lita moja iko na gramu 9 za chumvi, na kilichobaki ni maji. Sahani ya bukari na sombe inapita hiyo mbali sana. Mtu anayeweza kula na kunywa, mdomo wake ndio njia muzuri zaidi.

Serumu inafaa wakati mdomo hauwezi: mgonjwa amezimia, anatapika kila kitu, anapoteza damu, ao kipindupindu kimemukausha. Hata kwa kipindupindu, ule mwenye bado anaweza kunywa anaokolewa na maji ya chumvi na sukari ya pakiti. Serumu ni ya ule mwenye amekauka kabisa, na kwake ni jambo la dakika, si la saa. Zaidi ya hayo, ni kwa kipindupindu ndiyo serumu ilianza: mwaka 1832, daktari Thomas Latta, kule Scotland, alitia maji ya chumvi ndani ya mishipa ya watu waliokuwa wanakufa, na wengine waliamuka.

Kwa malaria kali, mambo yamebadilika. Zamani ilikuwa kinini ndani ya serumu ya sukari, saa nne kwa kila chupa, mara tatu kwa siku. Ilipaswa kushuka polepole kwa sababu kinini ikiingia mbio inaweza kuharibu mapigo ya moyo. Tena inashusha sukari ya damu. Mwaka 2010 utafiti mkubwa uliofanywa katika nchi 9 za Afrika, Kongo yetu ikiwa ndani, kwa watoto 5 425, ulionyesha kwamba sindano ya artesunate inaokoa watoto wengi kuliko kinini. Vifo vilipungua kwa asilimia 22 na nusu. Artesunate inaingia kwa dakika chache tu: wakati wa kufika, nyuma ya saa 12, nyuma ya saa 24, kisha mara moja kwa siku mpaka mgonjwa aweze kumeza dawa. Kwa hiyo, mtoto wa malaria akikosa chupa ya kuning'inia, usifikiri hawamtunze.

Somo la Yambuku, somo la Kivu

Kila kateteri ni mlango wenye tumefungua kwenye ngozi. Dawa inapita hapo. Mikrobu pia inaweza kupita hapo.

Nchi yetu inajua hilo kuliko nchi nyingi. Mwaka 1976, kwenye hopitali ya misioni ya Yambuku, upande wa Équateur, kila asubuhi waliwapa waganga sindano tano za kutumikia siku nzima. Kati ya mgonjwa mmoja na mwingine, waliziosha tu na maji ya moto kidogo. Ndivyo Ebola ilipita mkono kwa mkono. Watu 318 waligonjwa, 280 wakakufa, na waganga wengi walikuwa kati yao.

Kisha, kuanzia Agosti 2018 mpaka Juni 2020, ndugu zetu wa Nord-Kivu na Ituri waliona Ebola yenye iliua watu 2 287. Wengi waliipata kwenye vituo vidogo vya matunzo, mahali wagonjwa walichomwa sindano bila usafi wa kutosha. Leo Ebola haiko hapa Lualaba, lakini virusi vya sida na ugonjwa wa ini wa B na C viko, na vinatumia njia ile ile.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza haina mjadala: sindano moja, mtu mmoja, mara moja. Kateteri yenye imetoboa na kukosa mshipa, haitumiwe mara ya pili, hata kwa mtu yule yule. Hata kama duka la dawa liko mbali. Hata kama feza imeisha.

Mbele ya kuweka kateteri: angalia mambo matano

1. Mikono. Muganga ananawa na maji na sabuni, ao anapaka alkoli, mbele ya kukugusa. Kuvaa glavu hakuondoe kunawa. Kama maji ya bomba imekatika, na sisi wa Kolwezi tunajua hiyo, leta kidumu cha maji safi na kipande cha sabuni. Ni zawadi muzuri kuliko soda.

2. Pakiti. Inafunguliwa mbele ya macho yako. Kama ilikuwa tayari imefunguka, ao tarehe yake imepita, ikatae.

3. Maji ya chupa. Inua chupa kwenye mwangaza. Maji ni safi, hakuna kitu kinachoelea, chupa haivuje. Angalia na tarehe.

4. Ngozi. Inapanguswa na alkoli ao dawa ingine ya kuua mikrobu, kisha inaachwa ikauke yenyewe, kama nusu dakika. Kupuliza na mdomo ni kurudisha uchafu. Kugusa tena na kidole nyuma ya kupangusa, vilevile.

5. Tarehe. Uombe waandike siku na saa juu ya sparadra. Waganga wanabadilishana zamu. Sparadra inabaki inasema ukweli.

Namna ya kuuliza ni muhimu. Hakuna haja ya kugombana. «Mama munganga, samahani, tunaweza kuandika tarehe hapa?» Muganga anayejua kazi yake hatakasirika.

Wakati serumu inashuka

Usifunike mkono. Hilo ndilo kosa letu la usiku ule. Mahali pa kateteri sharti paonekane, usiku na mchana. Kama ni baridi, funika mwili na uache mahali pale wazi. Pitisha jicho kila saa. Linganisha mkono ule na mkono wa pili: ukubwa, rangi, joto.

Usiguse kagurudumu. Wengi wanafungua ili chupa iishe mbio, warudie nyumbani. Ni hatari sana, zaidi kwa mtoto. Mwaka 2011, utafiti wenye ulifanywa Kenya, Uganda na Tanzania, wenye daktari Kathryn Maitland wa Kilifi aliongoza, uliangalia watoto 3 141 wenye homa kali na damu isiyozunguka vizuri. Wale waliopewa maji mengi kwa haraka, karibu 11 kwa 100 walikufa ndani ya saa 48. Wale wasiopewa kwa haraka, 7 kwa 100. Hata waganga wenyewe walishangaa. Watoto wa kuhara hawakuwa ndani ya hesabu ile, kwa sababu wao wamepoteza maji kweli. Lakini somo liko wazi: maji ni dawa, na dawa iko na kipimo.

Unaweza kuhesabu matone bila kugusa kitu. Kwa mpira wa kawaida wa mtu mzima, matone 20 ni mililita moja. Chupa ya mililita 500 kwa saa nne, ni karibu matone 42 kwa dakika moja. Muulize muganga: «Matone ngapi kwa dakika?» Kisha hesabu na saa ya simu. Ukiona imepita sana ao imesimama, muite.

Usiache chupa ikauke. Maji yakifika karibu na shingo ya chupa, ita muganga. Chupa ikiisha, damu inarudi ndani ya mpira na kuganda, na mara mingi sharti kutoboa mahali pengine. Tupovu tudogo tunaoona ndani ya mpira, kwa kawaida hatuleti hatari, lakini hewa nyingi si muzuri.

Linda na maji na vumbi. Mgonjwa akioga, funga mkono na mfuko safi wa plastiki. Sparadra ikilowa ao ikianza kubanduka, omba waibadilishe. Kale kafuniko kadogo pale juu ya kateteri kabaki kamefungwa kila wakati.

Usipake kitu. Hakuna mafuta ya mawese, majivu, dawa ya meno ao majani pale kwenye kateteri, hata kama bibi anasema ilimusaidia.

Alama za hatari

Funga kagurudumu na uite muganga mara moja kama unaona:

Mkono unavimba, ngozi ni baridi na ngumu. Maji yanaingia ndani ya nyama. Dawa fulani, kama vile potasiamu na kalsiamu, zinaweza kuua nyama ile na kuacha kidonda kikubwa.

Mahali panakuwa pekundu, moto, panauma, ao unaona mstari mwekundu unapanda kufuata mshipa. Mshipa umewaka.

Usaha unatoka, ao mgonjwa anaanza kutetemeka na homa mpya siku chache nyuma ya kuwekewa kateteri. Mikrobu inaweza kuwa imeingia ndani ya damu, na hiyo inaua.

Mgonjwa anapumua kwa shida, anakohoa, uso unavimba. Maji inaweza kuwa imepita kipimo.

Kumbuka kwamba mtoto mchanga hasemi. Analia. Mtoto mwenye serumu akilia bila kunyamaza, angalia mkono wake mbele ya kusema ni homa.

Kama ni damu

Watoto wetu wengi wa malaria wanahitaji damu. Mbele ya kuitundika, jina na kundi la damu kwenye mfuko sharti vilingane na vya mgonjwa, na muganga asome kwa sauti, wewe unasikia. Mpira wa damu uko na chujio lake, si ule wa serumu. Serumu ya sukari haichanganywe na damu kwenye mpira mmoja. Na mfuko wa damu sharti uishe ndani ya saa nne tangu kutoka kwenye friji. Baridi ya kutetemeka, upele, maumivu ya mgongo ao kukosa pumzi: funga kagurudumu na uite kwa nguvu. Dakika za kwanza ndizo za hatari zaidi, usitoke kwenda kununua mkate.

Siku ngapi?

Shirika la Afya Ulimwenguni linasema mpaka wagonjwa 70 kwa 100 wanaolala hopitali wanawekewa kateteri wakati fulani. Mwaka 2024 lilitoa mwongozo mpya juu ya kateteri za mikononi, juu ya maambukizo haya tu.

Zamani hopitali nyingi zilibadilisha kateteri ya mtu mzima kila siku tatu ao nne. Siku hizi wengine wanaiacha kama inafanya kazi muzuri na hakuna alama mbaya, mradi inaangaliwa kila siku. Kila kituo kiko na kanuni yake. Lakini ile yenye waliiweka mbio, kwa mfano kando ya barabara nyuma ya ajali, bila kusafisha ngozi vizuri, inapaswa kutolewa ndani ya saa 48.

Ulizo lenye linaokoa ni moja, kila asubuhi: «Papa munganga, kateteri hii bado tunaihitaji?» Mgonjwa akianza kumeza dawa na kula, mara mingi jibu ni hapana. Kuiacha «labda itatumika» ni kuacha mlango wazi bila sababu.

Njia zingine kubwa zaidi

Kuna wagonjwa wenye kateteri ndefu inayoingia kwa shingo, kifua ao paja mpaka karibu na moyo. Mjerumani Werner Forssmann alijaribu hiyo juu ya mwili wake mwenyewe mwaka 1929, na mwaka 1956 akapewa tuzo ya Nobel. Kateteri hiyo haiguswe na mtu wa familia. Ikitoka, ao kifuniko chake kikianguka, hewa inaweza kuingia mpaka kwa moyo: lalisha mgonjwa, bana mahali pale, na ita.

Mgonjwa wa figo anayefanya dialize anaweza kuwa na mkono wenye walishona mishipa pamoja. Mkono ule ndio uzima wake. Hakuna serumu, hakuna kupima tansio, hakuna kubeba kidumu na mkono ule. Akifika kwa kituo kingine akiwa amezimia, ni wewe wa kusema.

Nyuma ya kutoa

Bana na pamba safi kwa dakika mbili ao tatu, bila kukunja kiwiko. Angalia kateteri imetoka nzima. Endelea kuangalia mkono kwa siku mbili, kwa sababu mshipa unaweza kuwaka hata nyuma ya kurudi nyumbani.

Sindano inaenda ndani ya boksi la sindano la hopitali, pale pale. Usiibebe nyumbani, usiitupe kwenye shimo la mtaa. Watoto wanaokota kila kitu. Mtu akichomwa na sindano iliyotumiwa, aoshe na maji na sabuni, bila kukamua, na aende hopitali siku ile ile: dawa ya kuzuia virusi vya sida sharti ianze ndani ya saa 72.

Mtoto wa dada yangu leo anacheza mpira, na ule mkono hauna kitu. Mwaka uliofuata mdogo wake alilazwa kwa ugonjwa ule ule. Dada hakulala. Alikuwa na simu mkononi, anahesabu matone, na mkono wa mtoto ulikuwa wazi juu ya kitenge. Saa nane ya usiku aliona vidole vinaanza kuvimba, akafunga kagurudumu na kumuita muganga. Walitoboa mkono wa pili, na dawa ikaendelea.